Siku Niliyosema Mkwe Wangu Amelala

Kosa langu nitalitaja kwanza, ili msomaji asiniheshimu bure. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi ya kutoa usingizi, nilimwambia daktari kwamba mgonjwa aliyekuwa mezani amelala, naye hakuwa amelala. Daktari akakata. Mgonjwa hakulia wala hakujitikisa. Kazi ilipokwisha niliandika katika kitabu cha chumba cha upasuaji, kwa mwandiko ambao wenzangu waliusifu: "Usingizi mzuri." Mgonjwa huyo alikuwa mama mzazi wa mke wangu.

Wauguzi vijana wa hapa Singida wameniomba mara nyingi niandike jinsi kazi hii ilivyofanyika zamani. Nimejaribu kuandika bila kulitaja kosa hili, na kila mara nimechana karatasi. Nimekuwa hivyo tangu ujana, kitu kisipokuwa kamili nakichana. Safari hii naandika bila kuchana.

Nilianza kazi Uhuru ukiwa bado mchanga, katika hospitali ya wilaya iliyojengwa katikati ya yale mawe yetu makubwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na niliajiriwa kama mhudumu wa wodi, yaani kufagia, kubeba machela na kumwaga vyoo vya wagonjwa. Asubuhi ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Hamisi, dresa wa siku nyingi. Dresa alikuwa mtu wa kufunga vidonda, lakini kwa uhaba wa watu yeye alifanya karibu kila kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Aliitazama kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Haitetemeki. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Basi subiri unywe, tutaona." Nilipokunywa akaitazama tena. "Sawa. Wewe utakaa kichwani."

Kukaa kichwani maana yake ni kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa wakati wa upasuaji, kumlaza, kumlinda na kumrudisha. Watu waliuita usingizi huo nusukaputi. Kifaa chetu kilikuwa barakoa ya waya, umbo lake kama kawa ndogo ya kufunikia chakula, tuliyoifunika kwa shashi na kuiweka juu ya pua na mdomo. Juu ya shashi tulidondosha etha, dawa ya maji yenye harufu kali tamu, tone baada ya tone kutoka kwenye chupa. Mgonjwa huvuta mvuke wake na kulala. Ukidondosha pole pole mno halali, ukidondosha haraka mno haamki. Etha ni nyepesi kushika moto, na kwa joto la Singida hukauka hata kabla mgonjwa hajaivuta, mvuke ukajaa chumbani. Kwa hiyo tulifungua madirisha yote, hata siku za upepo wa vumbi.

Siku ile ya kwanza nilisimama nyuma ya Mzee Hamisi huku nikimtazama daktari. Alikuwa Mganga Mfawidhi, Mzungu mrefu asiyecheka. Aliinua kichwa akanikuta namkodolea macho.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Mimi sifi. Mwangalie huyu."

Hilo ndilo somo langu la kwanza katika kazi hii, na mpaka leo sijapata lililo bora zaidi.

Mtu wa kutoa usingizi aliyesomea hakuwepo kwetu. Kazi ilimwangukia yeyote mwenye mikono tulivu. Dereva wa gari la wagonjwa aliwahi kushika chupa, na Mzee Hamisi alipenda kuniambia kwamba dereva alikuwa na breki nzuri kuliko mimi. Aliniudhi. Nilitaka kuwa bora kuliko dereva, na kusema kweli nilitaka kuwa bora kuliko Mzee Hamisi.

Katika kabati la stoo nilikuta kitabu cha Kiingereza cha kazi ya usingizi. Hakikuwa na jalada wala sura tatu za mwanzo. Nilikisoma kwa kamusi ndogo, kurasa mbili kila siku baada ya kazi. Kutoka humo nilijua kwamba usingizi wa etha una hatua nne. Katika ya kwanza mgonjwa anasikia, ila maumivu yanaanza kufifia. Katika ya pili akili imeondoka lakini mwili unafanya fujo, miguu inarushwa, pumzi inashikwa. Katika ya tatu pumzi inakwenda sawasawa, misuli inalegea, na ukigusa kope haistuki. Hapo ndipo daktari anakata. Ya nne ni kifo. Nilichora hatua hizo kwenye daftari kwa rula, nikizirudia kila mstari ulipopinda.

Nyumbani nilijizoeza kwa bakuli. Niliweka barakoa ya zamani juu yake, nikadondosha maji kwa chupa tupu ya dawa huku nikihesabu matone. Mke wangu Mariamu, binti wa kijiji cha Mungaa niliyekuwa nimemwoa karibuni, alipita na ungo akanicheka.

"Baba, bakuli limelala?"

"Bado."

"Likilala uniambie, nilitilie mboga."

Zile sura tatu zilizokosekana nilikuja kuziona miaka mingi baadaye. Ya kwanza ilihusu kuzungumza na mgonjwa kabla ya kumlaza. Mimi nilikuwa nimejifunza kumwokoa mtu anayekufa mezani kabla sijajifunza kumsalimu.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana vijana wengi wa mjini hawalijui tena. Katika Unyaturu ya wakati ule mwanamume na mama mkwe wake hawakugusana. Hawakutazamana usoni, hawakuitana majina. Wakikutana njiani mmoja aliacha njia. Mwenye neno alilipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wamekaa ukuta mmoja na wanasikiana vizuri. Hakukuwa na chuki ndani yake. Hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyokuwa nayo. Jina la mkwe wangu silitaji hata hapa, ingawa amekwisha fariki.

Alifika hospitali saa sita mchana, ameletwa kwa lori la kijiji. Watu wa kwao walikuwa wanahamia kijiji cha ujamaa, na yeye alikuwa amebeba miti ya paa kwa siku kadhaa. Ngiri ilitoka kwenye kinena na kujinyonga, yaani kipande cha utumbo kilibanwa nje kikakosa damu. Alikuwa ametapika siku nzima. Mzee Hamisi alikuwa Iguguno na wachanjaji, na dereva ndiye aliyewapeleka.

Nilimfuata Mganga Mfawidhi kwenye karo la kuoshea mikono.

"Daktari, huyu ni mkwe wangu."

"Vizuri. Utamtunza."

"Siruhusiwi kumgusa uso."

Aliendelea kusugua kucha. "Utumbo wake unaoza. Hamisi yuko wapi?"

"Iguguno."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Basi osha mikono."

Mtu wa kichwani anafanya kazi kwa mkono mmoja kwenye taya la mgonjwa. Mgonjwa anapolala, ulimi wake huanguka nyuma na kuziba koo, kwa hiyo lazima taya lishikwe na kuvutwa mbele muda wote. Mkono huo huo unahisi pumzi, unahisi joto la ngozi, unagusa kope. Ukiuondoa mkono huo, aliyebaki ni mtu anayemwaga dawa tu.

Aliyenisaidia ni Elizabeti, mhudumu wa wodi ya akina mama, Mnyiramba mtu mzima asiyeishiwa utani.

"Taya nitashika mimi," alisema. "Wewe jifiche huko nyuma na chupa yako, bwana harusi. Leo una haya kuliko bibi harusi."

Nilifurahi mno. Niliona nimepata njia ya kutimiza kazi na mila kwa pamoja, bila dosari upande wowote. Elizabeti alitoa yaliyomo tumboni mwake kwa mpira ili asitapike usingizini. Akamfunika macho kwa kitambaa chenye maji, kama ilivyokuwa desturi, ili etha isimchome. Nilisimama nyuma kabisa, nikinyoosha mkono kuifikia barakoa. Elizabeti, aliyekijua Kinyaturu, akamwambia ahesabu kwa sauti. Hiyo ilikuwa njia yangu niliyoibuni mwenyewe, kwamba mgonjwa akiacha kuhesabu, usingizi umemchukua.

Alihesabu pole pole. Nilidondosha etha kama nilivyolidondoshea bakuli. Sauti ikaanza kuwa nzito, na mimi, kwa mazoea ya kila siku, nikajisahau nikasema, "Endelea kuhesabu, mama."

Akanyamaza papo hapo.

Nilihesabu matone mengine ishirini. Kimya. Elizabeti alinitazama kungoja neno. Ningeweza kumwambia ainue kitambaa aguse kope. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Sikumwambia, kwa sababu niliona haya kuamuru macho ya mkwe wangu yafunuliwe mbele yangu, na kwa sababu nilikwisha amini kwamba nimefanya vizuri. Hata ile hatua ya pili, hatua ya fujo, hakuipitia. Nilijisifu moyoni kwamba nimemvusha bila fujo.

"Tayari?" daktari akauliza.

"Tayari."

Akakata. Akasimama kidogo, akabonyeza kwa vidole.

"Tumbo gumu kama ubao. Huyu mama amelala kweli?"

"Amelala, daktari."

Aliendelea. Baada ya dakika kadhaa mkwe wangu alianza kurusharusha miguu na pumzi ikakatikakatika. Daktari alipiga kelele kwamba anazinduka. Niliongeza matone, Elizabeti akakaza taya, na baada ya muda mwili ukalegea kabisa. Kipande cha utumbo kikakatwa na ncha zikaunganishwa. Alipona. Kwenye kitabu niliacha nafasi ya jina ili sista wa zamu aijaze, maana mkono wangu haukuweza kuliandika, nami nikaandika yale maneno mawili.

Baada ya mavuno ya uwele nilikwenda Mungaa na Mariamu kumjulia hali. Nilikaa nje kwenye kigoda, mgongo ukutani. Yeye alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta huo huo. Mariamu alikaa kizingitini kupokea maneno.

"Mama anakusalimu."

"Mwambie shikamoo."

"Marahaba, anasema. Anasema sasa anachota maji mwenyewe."

"Mwambie asibebe ndoo kubwa."

Nilimsikia akicheka ndani, kicheko kidogo. Akasema kitu kirefu kwa Kinyaturu. Nilikielewa chote, lakini kwa adabu nilingoja Mariamu akirudie.

"Anasema yule Mzungu wako ana maneno. Eti tumbo lake gumu kama ubao."

Nilicheka mimi pia. Kisha kicheko kikanikauka.

"Muulize amesikia wapi."

Mariamu hakuhitaji kuuliza. Sauti ilikuwa inaendelea ndani, tulivu, kama mtu anayesimulia safari ya mnadani. Mariamu aliipokea kipande kwa kipande, na uso wake ulibadilika kwa kila kipande.

"Anasema alisikia pale pale mezani. Anasema aliposikia sauti yako alijua mkwe yupo, akaacha kuhesabu, maana angehesabuje mbele yako. Anasema kisu ni kama kijinga cha moto kinachoburutwa." Akashika kizingiti. "Anasema Mzungu aliuliza kama amelala, na wewe ukasema amelala. Akaona akifungua mdomo atakuumbua mbele ya mkubwa wako. Akauma ulimi. Baadaye ndipo akapotea, hajui tena."

Nilikaa pale juu ya kigoda changu. Kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani, kama darasani. Ukimya wake na mwili usiotikisika ndizo dalili nilizozitegemea. Na kwetu, mbele ya mkwe, mwanamke hunyamaza na kutulia. Nilikuwa nimesoma heshima nikaiita usingizi. Ile fujo ya miguu haikuwa kuzinduka. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia hatua ya pili, tumbo likiwa wazi.

"Anauliza," Mariamu akasema kwa sauti ndogo, "wanaume nao huwa wanajikaza hivyo hivyo?"

Nilianza kuchora mstari mavumbini kwa kidole.

"Anauliza ile dawa ya kunusa kazi yake nini. Ni ya kuziba harufu ya damu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilipaswa kusema kwamba watu hawajikazi, kwamba watu hulala, kwamba yeye peke yake ndiye aliyekatwa akiwa macho, na ni kwa ajili yangu. Nilifungua mdomo, nikaliona kichwani daftari langu na mistari yake iliyonyooka.

"Mwambie apumzike," nikasema. "Maneno mengi yatamchosha."

Sikujua kwamba alikuwa amekwisha wasimulia wanawake wa kijiji kisimani. Aliwasimulia kwa kujivuna kidogo, na alistahili. Walimsifu. Wakaelewa kwamba hospitali wanakukata ukiwa macho, na kinachotakiwa ni moyo. Mariamu aliniambia hilo tulipokuwa njiani kurudi, akaniuliza kama nitakwenda kulirekebisha. Nikamwambia nitakwenda. Nilijipa kazi nyingine kwanza. Nilitaka kupanga maneno yawe sawasawa. Wiki zikapita, nikawa nimeandika maneno hayo kurasa tatu na kuzichana zote.

Jirani wa mkwe wangu aliitwa Asha. Alikuwa na mimba ya kwanza, mtoto akakwama siku mbili. Mkunga alisema apelekwe akapasuliwe, na mwenyekiti wa kijiji akatoa lori. Asha akakataa kupanda. Walimbembeleza mpaka akaishiwa nguvu, wakampandisha kwa mikono, akafia njiani na mtoto tumboni.

Mariamu alinipa habari hizo akiwa anachambua mchicha. Hakunilaumu.

"Walipomuuliza kwa nini hataki," alisema, "alisema yeye si jasiri kama mama."

Siku iliyofuata nilimweleza Mganga Mfawidhi kila kitu. Aliosha mikono muda mrefu, ingawa hapakuwa na upasuaji.

"Mimi niliuliza," akasema mwishoni. "Wewe ulijibu. Nadhani wote wawili tulilitaka jibu hilo." Akafunga bomba. "Nenda kawaambie."

Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Katibu alinipa nafasi baada ya mazungumzo ya shamba la ujamaa, watu wakiwa wamechoka. Nilisema kwamba mgonjwa hulazwa kabisa, kwamba hasikii, kwamba mama yule alisikia kwa sababu mimi nilikosea na nikaficha. Mwanamume mmoja wa mbele akasimama.

"Kwa hiyo hukuijua kazi?"

"Sikuijua vizuri."

"Na sasa unaijua?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Ndiyo moja ile labda ingewafikisha wanawake kadhaa hospitali wakiwa hai. Lakini mimi sikuweza kudai kitu ambacho hakijakamilika, na nilidhani huo ndio ukweli niliokuja kuusema.

"Bado najifunza," nikajibu.

Walicheka. "Basi ukimaliza kujifunza, uje tena."

Mkwe wangu alikuwa ameketi upande wa wanawake. Alijifunika kanga kichwani, akainuka, akaondoka. Jioni hiyo Mariamu aliniletea neno lake: "Mama anasema alikufichia. Umejifunua mwenyewe."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu. Kwa muda wote uliobaki wa maisha yake hakuniletea salamu tena, na alipofariki nilisimama nyuma kabisa ya waombolezaji. Watu wa kule walizidi kuiogopa hospitali. Kunyamaza kwangu kulimuua Asha, na kusema kwangu hakukumsaidia yeyote. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii nikitafuta mahali pa kushika, sijapapata.

Mganga Mfawidhi aliandika barua nikasome. Njia haikuwa fupi. Kozi ya usingizi haikumpokea mhudumu, ilimpokea muuguzi. Kwanza nikasomea uuguzi kwa miaka, nikiwa mkubwa kuliko wanafunzi wote darasani. Nikafanya kazi wodini mpaka nikahesabika mzoefu. Ndipo nikapelekwa mwaka mzima kwenye hospitali kubwa ya kaskazini. Huko nilikuta mashine ya mivukuto, iliyopima mvuke wa etha badala ya kubahatisha matone. Nikafundishwa kupitisha mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, na kuchoma sindano ya usingizi mshipani. Mkufunzi wetu, mama mmoja mkali, alitupiga vidoleni tulipotazama mashine badala ya mgonjwa.

Siku moja alitufundisha dawa ya kulegeza misuli. "Angalieni sana," alisema. "Mgonjwa huyu anaweza kuwa macho, anasikia yote, na asiweze kutikisa hata kidole. Na ninyi msijue." Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye ua mpaka kipindi kikaisha. Aliponiuliza, nilisema tumbo linaniuma.

Niliporudi na cheti, Mganga Mkuu wa Mkoa alinipangia Rungwa.

"Rungwa hakuna chumba cha upasuaji," nikamwambia.

"Utumishi ni popote, ndugu," akasema, bila kuinua macho kwenye faili.

Rungwa nilikaa miaka miwili nikitibu malaria na wafuga nyuki walioumwa na nyuki wao wenyewe. Cheti kilikaa kwenye sanduku. Kisha nikahamishiwa Manyoni, penye reli na meza nzuri ya upasuaji, lakini miezi mingine hatukuwa na etha hata chupa moja, na miezi mingine etha ilikuwepo na nyuzi za kushonea hazikuwepo. Tulirudisha watu nyumbani. Wengine walirudi wakiwa wamechelewa, wengine hawakurudi. Mwishoni nikaletwa tena hapa mkoani, kwenye wodi zile zile za zamani, hospitali ya wilaya sasa ikiwa ya mkoa, Mzee Hamisi akiwa amekwisha fariki na Elizabeti amestaafu.

Vijana waliofanya kazi nami waliniita Bwana Kope. Walikuwa wanatania, na nilijifanya kutania pia. Kila mgonjwa aliyepita mikononi mwangu niligusa kope yake mimi mwenyewe, mara tatu, hata mashine iliposema amelala, hata daktari aliponifokea kwamba namchelewesha. Kabla ya hapo nilimuuliza kila mmoja ametoka wapi, mama yake ni nani, ameoa au ameolewa wapi. Walidhani ninapenda udaku. Nilikuwa natafuta kama tuna ukwe. Nilipoukuta, nilimwambia mgonjwa waziwazi, "Hapa mezani hatuna ukwe. Ukisikia chochote, piga kelele." Wengine waliitikia kwa kichwa. Sikuwahi kuwa na hakika kwamba wangepiga kelele.

Nilistaafu bila sherehe. Nilirudisha funguo na koti, nikaomba kukiona kile kitabu cha zamani. Karani alikitafuta siku mbili, akasema vitabu vya wakati ule vililiwa na mchwa. Kwa hiyo "Usingizi mzuri" haipo tena mahali popote, ila hapa. Mariamu alitaka kujua kama nimefarijika. Nilimwambia hapana. Nilikuwa nimekusudia kuyafuta maneno yale kwa kalamu yangu, na kuandika pembeni yake yaliyotokea.

Bado najizoeza wakati mwingine, bila kukusudia. Nikishika kikombe cha maji naona ninahesabu matone. Mariamu haniulizi tena kama bakuli limelala.

Wiki iliyopita nilipita hospitali ya mkoa kuwasalimu vijana. Siku hizi mgonjwa anabanwa kidoleni kwa kifaa kidogo kinachosoma oksijeni ya damu na mapigo ya moyo wake. Etha haitumiki tena. Wapo watoa usingizi wanne, wote wamesomea. Mgonjwa akiwa mkwe wa mmoja wao, anaitwa mwingine.